Sakafu ya Banda la Gari: Zege Gumu Silo Zege Kavu

Wakazi wengi wanaojenga mabanda ya magari hupaka rangi au kubandika marumaru mara tu zege linapokuwa gumu, na haraka hiyo huwatia hasara. Zege jipya humwagiliwa maji kwa siku 7 angalau, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Hata hivyo, maji yaliyosalia ndani hutoka polepole, kwa makadirio ya mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Jamvi la sentimita 10 huhitaji basi miezi 4 hivi, na zaidi wakati wa masika. Rangi ya epoksi ikiwahi kupakwa, unyevu huivimbisha, kisha matairi yenye joto huibandua.

Kipimo hakina gharama. Kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, hubandikwa sakafuni kwa utepe pande zote kwa saa 16 au zaidi. Umande ukionekana chini yake, au zege likigeuka rangi na kukoza, kazi isubiri.

Mwenye kupenda marumaru achague nene zisizoteleza, na gundi ienee chini yote. Penye uwazi, gurudumu huzipasua. Asiyeweza kungoja, sakafu ya niru inamtosha.