MSHIKA TATU: MWANDISHI, PROFESA NA MZAZI

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Je, wenzangu, ashikaye tatu itakuwaje? Katika makala haya ningependa kuwaeleza jinsi watu wawili walivyoandika riwaya za upelelezi, wakafundisha chuo kikuu na kulea watoto. Nimechagua mada hii kwa kuwa wengi wetu hapa chamani tuna hadithi zilizolala madaftarini. Tukiulizwa, jibu ni lile lile: "Sina wakati!"

Kwanza tuelewe ugumu wenyewe. Riwaya ya upelelezi si mchezo. Waliosoma visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla wanajua kwamba kila kidokezo huwekwa mahali pake, na mwishowe fumbo hufumbuliwa bila kumdanganya msomaji. Mwandishi akikatizwa katikati, uzi hukatika. Nayo kazi ya profesa si kusimama mbele ya darasa tu. Kuna kusahihisha, kutafiti na kuandika vitabu vya kitaaluma. Na mtoto akilia usiku haulizi mama amefika sura ya ngapi!

Mfano wa kwanza ni J.I.M. Stewart, mzaliwa wa Edinburgh. Mwaka wa 1935 alipata uprofesa wa Kiingereza huko Adelaide, Australia. Riwaya yake ya kwanza aliiandika melini akiwa safarini kwenda huko, ikachapishwa mwaka wa 1936 kwa jina la kubuni, Michael Innes. Alipofika Adelaide alijiwekea desturi: kuandika tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kabla ya kiamsha kinywa, ndipo aende kazini. Haba na haba hujaza kibaba. Bwana huyu, baba wa watoto watano, alitoa zaidi ya vitabu 40 kwa jina hilo la Innes.

Hapa wasichana watauliza, na wana haki: kwani alipokuwa akiandika, watoto walitazamwa na nani? Swali hilo ndilo linaloupa uzito mfano wetu wa pili.

Carolyn Heilbrun alizaliwa Marekani mwaka wa 1926. Alianza kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka wa 1960, akiwa na mume na watoto watatu. Riwaya yake ya kwanza, In the Last Analysis, ilitoka mwaka wa 1964. Jaladani palikuwa na jina Amanda Cross. Wenzake kazini hawakujua Amanda ni nani!

Kwa nini ajifiche? Alikuwa hajathibitishwa kazini. Aliamini kwamba wakubwa wake, ambao karibu wote walikuwa wanaume, wakijua anaandika hadithi za mauaji watasema si msomi wa kweli, na kazi imponyoke. Siri hiyo basi ilikuwa ngao ya mkate wa watoto wake. Lakini katika kitabu chake cha mwaka wa 1988, Writing a Woman's Life, alieleza sababu nyingine: katika nyumba iliyojaa watoto, alihitaji pahali pake mwenyewe. Ndiyo maana mpelelezi wake, Kate Fansler, alipoanza kuonekana vitabuni hakuwa na mume wala mtoto, na pesa hazikumpiga chenga.

Tena tazameni ujanja wake: Kate naye ni profesa wa fasihi. Yale Heilbrun aliyoyaona chuoni mchana yakawa mali ya riwaya. Kazi moja ikailisha nyingine. Wala hakujitwika mzigo wa kutoa kitabu kila mwaka. Baada ya kile cha 1971, kilichofuata kilitoka 1976. Hata hivyo, kufikia mwaka wa 2002 riwaya za Kate zilikuwa 14. Heilbrun alifariki mwaka wa 2003.

Tunajifunza nini? Hawa wawili hawakuwa na siku ya saa thelathini. Kila mmoja alikuwa na kipembe kimoja alichokilinda: mmoja saa mbili za asubuhi, mwingine jina lisilojulikana na mtu. Kipembe kidogo kilindwacho hushinda siku nzima isiyo na mwenyewe.

Nasi je? Kati ya maandalio ya jioni na kengele ya kulala, nusu saa haikosekani. Na wewe uendaye nyumbani ukachote maji na kumbeba mdogo wako mgongoni, hayo unayoyaona njiani ndiyo riwaya yenyewe. Yaandike mistari mitano kabla taa haijazimwa. Nanyi wavulana, mkitaka dada zenu nao waandike, shikeni ndoo!

Shime, wenzangu. Madaftari yafunguliwe.