Pumu Hutibiwa Siku ya Utulivu

Muulize mwenye pumu wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, ni lini alipomwona daktari mara ya mwisho. Mara nyingi atakusimulia usiku wa shida: kifua kilibana, akakimbizwa hospitalini kwa bodaboda, akawekwa kwenye mashine ya mvuke wa dawa, na kulipokucha akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hajakanyaga kliniki, kwa sababu anajiona amepona. Hapo ndipo tunapokosea. Shambulio likipita, pumu yenyewe hubaki, na siku hizo za utulivu ndizo za kuidhibiti.

Ndani ya mapafu ya mwenye pumu, kuta za mirija ya hewa huwa zimevimba, hata siku anayojihisi mzima. Uvimbe huo huifanya mirija iwe nyepesi kukasirika. Ikikutana na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli inayoizunguka hujikaza, ute mzito hujaa, na nafasi ya hewa hupungua. Hewa hupenya kwa shida, hasa wakati wa kutoa pumzi, na ndiyo maana kifua hulia kama filimbi. Kwa wengine hakuna mlio wowote: ni kikohozi kikavu cha usiku tu, ambacho huendelea kutibiwa kwa dawa za mafua miezi na miaka.

Kwa kuwa matatizo ni mawili, dawa nazo ni za aina mbili. Salbutamol, ambayo mara nyingi huja katika inhela ya buluu, hulegeza misuli. Huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita, lakini uvimbe hauugusi. Dawa za kudhibiti, kama beclometasone na budesonide, hushughulikia uvimbe. Hazileti nafuu papo hapo. Huhitaji siku kadhaa, pengine wiki, ndipo mtu aone tofauti, na sharti zivutwe kila siku kama alivyoelekeza daktari. Anayetegemea inhela ya buluu peke yake ni kama mtu anayedeki maji sakafuni huku mfereji umeachwa wazi.

Wataalamu wa dunia walilifikiria upya jambo hili. Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa salbutamol peke yake. Inhela moja ya salbutamol kwa kawaida ina mivuto 200. Anayemaliza tatu au zaidi kwa mwaka yumo katika hatari kubwa zaidi ya shambulio kali, na anayemaliza moja kila mwezi anajongelea hatari ya kifo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa ya kudhibiti haimfikii mgonjwa.

Jipime mwenyewe. Katika wiki nne zilizopita, je, ulipata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Uliamshwa na kifua usiku? Ulihitaji inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki? Ulishindwa kufanya shughuli yoyote kwa sababu ya kifua? Ukijibu "la" kwa yote manne, pumu yako imedhibitiwa. "Ndiyo" moja au mbili maana yake imedhibitiwa nusunusu. Tatu au nne, haijadhibitiwa hata kidogo, hata kama umeshazoea hali hiyo na kuiona ya kawaida.

Mtaa nao una mchango wake. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na nyumba nyingi za zamani za Majengo ni za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, mpangaji kila chumba. Jiko la makaa likiwashwa ukumbini, moshi haumchagui aliyeliwasha. Miezi ya Juni hadi Agosti, Nairobi inapopoa, madirisha hufungwa na jiko huingizwa ndani liwapashe watu joto, na kumbe linawachoma mapafu. Washia jiko nje hadi makaa yakolee, na usilale nalo chumbani kamwe. Mafuta ya taa na dawa ya mbu ya kuchoma ni moshi vilevile. Hata udi na ubani, vinavyopendeza Ijumaa na siku za harusi, humkaba mwenye pumu. Si lazima mila iachwe. Chumba anacholala yeye tu ndicho kisifukizwe. Sigara na shisha, hayo hayana mjadala.

Kazi pia huchokoza kifua. Sokoni Gikomba kuna vumbi la mitumba marobota yanapofunguliwa, na unga wa mbao kwenye misumeno. Kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji kuna rangi ya kupuliza, moshi wa kuchomelea na vumbi la chuma. Kama kifua hubana siku za kazi na kuachia siku za mapumziko, mwambie daktari hivyo hivyo, maana huenda kazi ndiyo chanzo. Nguo ya mtumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Ukienda duka la dawa kununua ya maumivu, taja kwamba una pumu: aspirini, diclofenac na ibuprofen huwaletea baadhi ya wagonjwa shambulio.

Dawa nzuri ikivutwa vibaya huishia ulimini. Tikisa inhela, toa pumzi yote, anza kuvuta polepole huku ukibonyeza, kisha zuia pumzi kwa sekunde kumi. Baada ya dawa ya kudhibiti, sukutua na uteme maji, usije ukaota utando mweupe mdomoni. Mtoto hawezi kuoanisha kubonyeza na kuvuta, kwa hiyo anahitaji chombo cha kupitishia dawa. Chombo cha dukani kikiwa ghali, kuna chupa. Mwaka 1999, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuikaza inhela na kuzibwa kwa gundi, iliwasaidia watoto waliokuwa katika shambulio sawasawa na chombo cha kununua. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuitengeneza. Ukiiosha kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta.

Ramadhani huleta swali lake. Wanazuoni wametofautiana: wapo wanaosema inhela haifunguzi, na wapo wanaosema inafunguza. Muulize imamu wako, lakini usiache dawa ya kudhibiti, kwani inayovutwa mara mbili kwa siku huingia vizuri wakati wa futari na daku. Shambulio likija mchana, vuta dawa. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mama mjamzito naye asiache dawa zake. Kwa mama mwenye pumu, kifua kinachobana humhatarisha mtoto tumboni kuliko inhela.

Wengi huikimbia inhela wakidai ukiizoea huwezi kuiacha, au kwamba ni ya walio karibu kufa. Haileweshi wala haileti uraibu, na si ya walio karibu kufa tu. Paula Radcliffe wa Uingereza, mwenye pumu tangu utotoni, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mwaka 2003, na haikuvunjwa mpaka Brigid Kosgei wetu alipokimbia Chicago mwaka 2019. Mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa aachwe acheze mpira.

Shambulio likianza, keti wima, usilale. Vuta salbutamol mivuto minne, mmoja mmoja, kupitia chupa kama ipo. Usipopata nafuu baada ya dakika chache, rudia huku ukielekea hospitalini. Usingoje kama mgonjwa hawezi kumaliza sentensi, nyama za mbavuni zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo inageuka rangi, au anasinzia. Kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, hatari imezidi.

Kwa hiyo nenda kliniki wiki hii, ukiwa mzima. Beba inhela zako zote, vuta mbele ya mhudumu akusahihishe, uliza kama una dawa ya kudhibiti, na usitoke kabla hujaandikiwa la kufanya kifua kikianza kubana. Karatasi hiyo ibandike ukutani, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona.