Mwendo wa Baiskeli na Daftari la Mahudhurio

Mfanyakazi aliyezaliwa Unguja au Pemba, akajifunzia baiskeli katika barabara za visiwani, kisha akapata kazi wilayani Karatu, mkoani Arusha, hukutana na jambo geni katika juma lake la kwanza. Miguu yake ni ile ile na baiskeli yake ni ya aina ile ile, lakini safari ya kilomita kumi na tano ambayo kwao ilikuwa mazoea, huko humfikisha kazini akitweta, jasho likimtiririka na magoti yakimtetemeka. Wako wanaodhani kwamba wamezeeka ghafla. Ukweli ni kwamba hawajajua kujipimia nguvu katika nchi ya milima. Elimu hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, kwa faida ya mwenye baiskeli na kwa faida ya afisa anayelishika daftari la mahudhurio.

Hakuna kilima cha Unguja wala cha Pemba kinachofika mita 200 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Karatu umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Anayetoka Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, hupanda kiasi cha mita 500 kabla ya kuufikia mji huo, katika mwendo wa kilomita zipatazo 30. Akiendelea kuelekea lango la Lodoare, mlango wa Ngorongoro, bado anapanda. Ukingo wa kreta yenyewe uko juu ya mita 2,200. Vijiji vya Rhotia, Oldeani, Mbulumbulu na Endabash vimetawanyika juu ya vilima na mabonde ya udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi ni vumbi na wakati wa masika ni utelezi. Zaidi ya hayo, kanieneo ya hewa katika mwinuko wa Karatu ni pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani, kwa hiyo kila pumzi humpa mtu oksijeni kidogo kuliko alivyozoea. Mgeni anayetoka baharini huhitaji majuma kadhaa kabla mwili wake haujaizoea hali hiyo.

Katika nchi kama hiyo mwendesha baiskeli hufanya kosa moja kuliko yote: huanza safari kwa nguvu zake zote. Asubuhi kuna baridi, mwili ni mpya, na kilomita mbili za mwanzo huonekana rahisi. Kilima cha kwanza hukikabili kwa hasira, cha pili kwa ukaidi, na cha tatu humshinda.

Karatu yenyewe imetoa mfano mashuhuri wa jambo hili. Huko ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Ulimwengu ulistaajabu, maana wakimbiaji wengi wa masafa hayo walikuwa na desturi ya kujificha nyuma ya wenzao na kuchomoka mwishoni. Lakini mwaka 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, Bayi alipokimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwa mtindo ule ule wa kutangulia mbali, Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita katika mzunguko wa mwisho. Bayi akapata medali ya fedha, ambayo ni heshima kubwa kwa taifa letu hadi leo. Mtu yule yule, kwa ujasiri ule ule, alishinda katika masafa mafupi na akapitwa katika masafa marefu zaidi.

Hatuusemi mfano huu ili kumpunguzia sifa shujaa wetu. Tunausema kwa sababu mbio za Christchurch zilikwisha kwa dakika tatu na nusu, na baada ya hapo mkimbiaji alipumzika. Mfanyakazi anayetoka Rhotia kwenda mjini akishafika hushika jembe, chaki, sindano au kalamu kwa saa nane, kisha hupanda tena baiskeli kurudi nyumbani, na kesho huanza upya.

Hebu tuitazame hesabu. Mtu wa kawaida mwenye afya anaweza kutoa, kwa muda wa saa nzima bila kujiumiza, nguvu ya wati 75 hivi, yaani kiasi cha kuwasha taa moja ya zamani ya wati 75. Mtu huyo pamoja na baiskeli yake ya chuma wana uzito wa kilo 85. Kuuinua uzito huo mita 100 kwa nguvu ya taa moja huchukua dakika zipatazo 18, hata tusipohesabu msuguano wa tairi. Akitaka kumaliza kwa dakika 9 itambidi atoe wati 150, na hizo si wengi wanaoweza kuzitoa kwa muda mrefu. Mlima haubembelezwi wala hautishwi. Unataka upewe muda wake.

Tuchukue mfano mwingine. Safari ni ya kilomita 16, nusu ni mpando na nusu ni mteremko. Mpandaji akienda kilomita 8 kwa saa, mpando utamchukua dakika 60. Na akiteremka kwa kilomita 24 kwa saa, mteremko utamchukua dakika 20. Jumla ni dakika 80. Sasa tuseme amechelewa, akaamua kufidia mteremkoni kwa kuachia baiskeli iende kilomita 32 kwa saa. Ataokoa dakika 5 tu. Kwa dakika hizo 5 ameyaweka rehani maisha yake, kwani breki za baiskeli zetu nyingi hukamata rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa maji breki hupungua nguvu sana. Dakika alizozikosa kwenye mpando haziwezi kupatikana kwenye mteremko. Zingepatikana nyumbani, kwa kuondoka mapema.

Wazee wetu walisema mwenda pole hajikwai, na wako wanaoitumia methali hiyo kuutetea uvivu. Maana yake ya kweli wanaijua manahodha wetu. Nahodha anayekwenda bisho, upepo ukimkabili, hahesabu maili zilizoandikwa kwenye ramani. Huhesabu saa, hupunguza tamaa, na huweka akiba ya maji na chakula. Mwendesha baiskeli wa Karatu hana budi kufanya vivyo hivyo.

Kwa vitendo, robo ya kwanza ya safari iendeshwe polepole kuliko miguu inavyotaka. Kwenye mpando, kipimo kizuri ni ulimi: anayeweza kumjibu mwenzake salamu kamili bila kukatika pumzi yuko katika mwendo unaomfaa, anayejibu kwa kutikisa kichwa tu amevuka kiasi. Baiskeli isiyo na gia ikifika mahali ambapo kila mzunguko wa pedali unavuta goti kwa maumivu, ni busara kushuka na kuikokota, wala hakuna aibu, kwani tofauti ya dakika ni ndogo na goti halina duka la vipuri. Tandiko lirekebishwe ili mguu ukaribie kunyooka pedali inapokuwa chini. Tairi zijazwe upepo wa kutosha, mnyororo utiwe mafuta, na mzigo wa nyuma ufungwe imara. Tena mtu asianze safari ya saa nzima kwa chai kavu. Uji, kiazi au kiporo cha ugali ndiyo mafuta ya gari hili.

Hayo ni wajibu wa mwenye baiskeli. Lakini haitakuwa haki tukimtwisha yeye peke yake mzigo wote, kwa sababu mtu hawezi kujipimia mwendo iwapo saa na barabara vimepangwa bila kumfikiria.

Kazi za serikali huanza saa 1:30 asubuhi. Aliye umbali wa kilomita 15, akienda mwendo wa wastani wa kilomita 12 kwa saa, hutumia saa moja na robo njiani. Akitaka robo saa ya kunawa na kutuliza pumzi, yampasa aondoke saa 12:00 kamili. Mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali, jua la Karatu huchomoza baada ya saa 12:30. Maana yake ni kwamba mtumishi mwaminifu huanza safari gizani, na kila dakika anayoongezewa ukali wa daftari huilipa kwa kukimbiza baiskeli mahali asipopaona vizuri.

Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa kwa msaada wa Japan mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni neema kubwa. Imeleta watalii, imerahisisha usafirishaji wa mazao, na imeondoa vumbi njiani. Pamoja na neema hiyo yamekuja magari ya mwendo wa kasi, na mwenye baiskeli hugawana nayo lami ile ile. Pikipiki nazo zimeenea, lakini petroli hununuliwa kila siku, na wako wengi ambao mshahara wao haumudu kupanda bodaboda asubuhi na jioni.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa wilaya na wa idara, huko Karatu na huku kwetu visiwani, wayafikirie mambo matatu. Kwanza, kila barabara inapokarabatiwa, kando yake itengwe njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu, hasa kwenye mipando, ambako mwenye baiskeli huyumba kwa sababu ya mwendo mdogo. Pili, kila ofisi, shule na zahanati iwe na kibanda cha baiskeli na maji ya kunawa. Gharama yake ni mabati machache na ndoo. Tatu, mkuu wa kazi anayejua kwamba mtumishi wake anatoka mbali amruhusu, pale kazi inapowezekana, kuanza nusu saa baadaye na kumaliza nusu saa baadaye. Daftari halitapoteza hata dakika moja, na umma utahudumiwa na mtu mwenye pumzi, mkono usiotetemeka na akili iliyotulia.