Barabara, fedha na ulinzi wa Itiryo: nani anapanga nini?

Mkurya wa Itiryo aliyeko Minnesota, Muscat au Nairobi akisikia kwamba kalavati la kwao limebebwa na maji na ng'ombe wa jirani wameswagwa usiku, mtu wa kwanza kumpigia simu ni diwani. Diwani hana greda wala askari. Alicho nacho ni nafasi moja katika Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na sehemu kubwa ya anayoulizwa haipitishwi na baraza hilo.

Itiryo ni kata ya vijijini katika halmashauri hiyo. Watu wa hapa husafiri kwa bodaboda, kwa gari dogo linalojazwa mpaka mlango ukatae, au kwa miguu. Hata hivyo barabara, bajeti na ulinzi vimeungana zaidi Tarime kuliko mjini. Mwizi wa ng'ombe hahitaji barabara, kwani hupita njia za malisho. Anayeihitaji ni yule anayemfuata.

Kijijini hilo linaeleweka, na sheria imeliwekea nafasi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji wajumbe 15 hadi 25, nao hugawanyika katika kamati tatu: fedha na mipango, huduma za jamii, ulinzi na usalama. Juu yao upo mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kusema. Katika kikao kimoja mzee anaweza kusimama akaunganisha yote: kalavati limekwenda, gari la polisi halipiti, ng'ombe wameondoka.

Hoja hiyo ikifika wilayani inagawanywa vipande vitatu, na kila kipande kinakwenda ofisi yake.

Barabara ndiyo iliyohama karibuni zaidi. Hadi 2017 barabara za vijijini zilikuwa chini ya mhandisi wa halmashauri, na madiwani waligombania moramu hadharani. Julai 2017 kazi hiyo ilikabidhiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulio chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ilibaki na barabara kuu na za mkoa, kama ile inayotoka Tarime kwenda Mugumu. Fedha za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta, na kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kubwa na 30 kwa zilizobaki. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kitaalamu mabadiliko haya yana mantiki, maana greda haliendi tena kwa mwenye sauti kubwa. Ila aliyepigiwa kura amebaki na lawama, na mwenye fedha ni meneja wa TARURA ambaye huja barazani kutoa taarifa.

Bajeti nayo ina historia yake. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile iliyowakimbiza wanaume porini mgambo walipoonekana. Walioikimbia walishangilia, na halmashauri zikazidi kuitegemea Hazina. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, kahawa ikiwemo, na 2 kwa mazao ya chakula. Wilaya nyingi ziliumia. Tarime ina dhahabu: mgodi wa North Mara ulioko Nyamongo hulipa ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa asilimia ya mauzo, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 mpango wake wa kusaidia jamii lazima upitie halmashauri. Vijiji vya Itiryo havimo kati ya vile vinavyopakana na mgodi huo. Kwa kata ya namna hiyo, swali la mapato ya ndani ni kiasi gani cha dhahabu kinavuka mipaka ya Nyamongo, na hapo diwani ana kazi ya kweli ya kufanya.

Ulinzi umeshikwa juu zaidi. Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya huongozwa na mkuu wa wilaya, mteule wa Rais. Polisi ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa sababu ya wizi wa mifugo na mapigano ya koo, Tarime na Rorya zimepewa mkoa wao wa kipolisi, tofauti na sehemu nyingine za Mkoa wa Mara.

Lakini usiku wa manane hakuna anayemngoja mkuu wa wilaya. Sungusungu walizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, Nyerere akawatetea, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili wawe na mamlaka ya kukamata. Wakurya waliwapokea katika miaka ya 1990 na kuwaegemeza kwenye iritongo, baraza lao la jadi. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wezi wa ng'ombe wa Ukuryani, alionyesha kwamba wizi ulikuwa umegeuka biashara, ng'ombe wakivushwa kuuzwa Kenya, na kwamba Wakurya walikuwa wakiibiana wao kwa wao. Ndiyo maana ulinzi wa kijiji ni mgumu: mlinzi, mwizi na shahidi huenda ni ndugu. Sungusungu wamelaumiwa pia kwa viboko na faini zisizo na risiti. Polisi Jamii, iliyoenezwa na IGP Said Mwema baada ya 2006, ilikusudiwa kuweka ulinzi huo chini ya macho ya sheria, na siku hizi polisi hupanga wakaguzi hadi ngazi ya kata. Mkaguzi asiye na barabara inayopitika masika anabaki na simu tu.

Kwa walioko nje, kalenda ina uzito kuliko hasira. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Vijiji huibua vipaumbele miezi kadhaa kabla, kata huvijumlisha, halmashauri huvipunguza vilingane na ukomo wa bajeti uliotolewa na Hazina, na Bunge la bajeti huanza Aprili. Mchango unaotumwa Mei unaweza kuinua boma la zahanati au kituo cha polisi, maana halmashauri zimezoea kumalizia maboma yaliyoanzishwa na wananchi. Barabara ni habari nyingine: isiyoingizwa kwenye mtandao wa TARURA haipati matengenezo, hata kama kalavati lake limejengwa kwa dola.

Aliye ughaibuni hana kura katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa kuwa kura ni ya mkazi. Mama yake anayo, na kaka yake pia, na mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yakasomwa. Hoja ya kalavati inafaa iandikwe kwenye muhtasari kabla ya Desemba, ikitajwa pamoja na ya ng'ombe. Ikikosa, itangoja Julai ya mwaka mwingine.