Tuache Bunduki, Tusiache Kikundi

Ndugu wanavikundi, bunduki tunayoizungumzia hapa si ile ya askari. Ni bunduki ya samaki: kipande cha mti, mipira iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, kifyatulio, na chuma kirefu chenye ncha. Kuanzia Diani hadi Vanga, vijana wanaijua. Kijana huvaa miwani ya kuzamia, huvuta pumzi, huzama, hulenga na kufyatua. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliipiga marufuku, pamoja na juya la kukokota. Lakini haikuisha. Na ukiitwa mkutano wa ufuo, wavuvi wa mshipi na wa malema husema neno moja tu: "Hawa wa bunduki wafukuzwe."

Sisi tunaotembelea vikundi twaliona jambo hili kwa upande wa pili pia. Kabla ya kufukuza, tujiulize: ni kitu gani kinawaunganisha vijana hawa hata wasiachane?

KWA NINI WANAIPENDA

Sababu ya kwanza ni umaskini. Mashua, nyavu na mashine vinataka mtaji. Mkwiro iko kwenye ncha ya Kisiwa cha Wasini, na ardhi ya kisiwa ni mawe ya matumbawe. Maji ni ya kungojea mvua, na shamba la kumlisha mtu mwaka mzima ni shida kulipata. Kijana ambaye baba hana chombo huenda baharini na kile anachoweza kujitengenezea kwa mkono wake.

Lakini umaskini si sababu yote. Wasikilizeni jioni wakiwa barazani. Wanabishana ni mti gani usiofura maji, mipira iwe miwili au mitatu, nani alimkosa tewa na kwa nini. Mmoja ananoa ncha, mwingine anafunga mpira upya, mdogo wao anatazama na kujifunza. Ni kama wapenzi wa mpira wa miguu au wacheza bao. Wanapenda kitu kimoja, na mapenzi hayo yamewafanya marafiki.

Tena urafiki wao si wa maneno. Mzamiaji anayevuta pumzi za haraka haraka kabla ya kuzama huudanganya mwili wake. Mwili haumpi onyo kwamba hewa inakwisha. Anaweza kuzirai majini bila kuhisi lolote, mara nyingi akiwa karibu kufika juu. Asiposhikwa upesi, amekufa. Kwa hiyo kanuni ya mwenye akili ni hii: mmoja chini, mmoja juu akitazama. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa hawa, dhiki yenyewe ni ya dakika moja au mbili tu.

Kumbe hapo pana kikundi tayari. Kina fundi, kina mwalimu, kina kanuni, na watu wake wanaaminiana. Vikundi vingapi vyetu vina cheti na muhuri lakini havina hayo?

KWA NINI ILIKATAZWA

Hata hivyo, sheria haikutungwa kwa chuki. Mwenye bunduki humwona samaki na kumchagua, na kwa kawaida humchagua mkubwa. Samaki mkubwa ndiye mzazi. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na wakikua baadhi yao hugeuka madume. Ukiwamaliza wakubwa, umeharibu uzazi wa mwamba mzima. Pono naye hula mimea inayoota juu ya matumbawe. Akipungua, mimea hiyo huyafunika. Tena chuma kikimkosa samaki hupiga jiwe, na samaki aliyejificha akichokorwa, matumbawe huvunjika. Tumbawe likivunjika huchukua miaka mingi kumea tena.

Basi malalamiko ya wazee wa malema ni ya haki. Samaki wanayemngoja ndiye huyo anayepigwa.

WALIOBADILI CHOMBO, WASIACHANE

Miaka ya 1930, huko kusini mwa Ufaransa, wanaume watatu walikuwa marafiki kwa sababu ya kuwinda samaki chini ya maji: Philippe Tailliez, Frédéric Dumas na Jacques Cousteau. Mwaka 1942 walitoa filamu fupi kuhusu uwindaji huo. Baadaye kamera ikachukua nafasi ya mkuki, na Cousteau akajulikana duniani kote kwa kuitetea bahari. Huko Australia, Ron Taylor alikuwa bingwa wa dunia wa uwindaji huo mwaka 1965. Yeye na mkewe Valerie waliacha kuua samaki, wakawa wapiga picha na watetezi wa bahari. Ujuzi haukupotea, ila ulipewa kazi nyingine.

Tusiseme hao ni Wazungu wenye pesa. Jirani zetu wa Kisiwa Panza, Pemba, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa muda ili pweza wakue. Pweza hukua haraka sana, kwa hiyo miezi michache ya subira huonekana kwenye mizani. Aliyezoea kumfuata pweza shimoni mwake ndiye anayefaa kumlinda, maana ndiye anayejua anapokaa.

Na hapa kwetu? Hifadhi ya Kisite-Mpunguti ilitangazwa mwaka 1978, na wageni huja kutazama samaki na pomboo. Wanahitaji kuongozwa na mtu anayeijua bahari. Katika Kisiwa cha Wasini kumekuwa na kazi ya kupanda matumbawe upya, nayo inataka mikono iliyozoea kuzama. Na tangu kanuni za 2007, BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, kina nafasi ya kupanga na kulinda uvuvi wa mahali pake. Nani atakayejua mwamba upi umechoka kuliko kijana aliyeuzamia?

HATARI YA KUFUKUZA

Mtu akifukuzwa, haja yake ya kuwa na wenzake haifi. Ataipeleka penginepo. Pwani ya Kusini hatujasahau Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, askari wakauawa na bunduki za kweli zikachukuliwa. Wengi wa walioingizwa katika mambo yale walikuwa vijana wasio na kazi. Waliitwa, wakaitika. Hatusemi mvuvi wa bunduki ni mhalifu wa namna hiyo, la hasha. Twasema kijana asiye na kikundi huchukuliwa na yeyote atakayemwita kwanza.

KIKUNDI CHENU KIFANYE NINI

1. Waiteni wote pamoja, si mmoja mmoja. Akiitwa peke yake huona ameshtakiwa. Mzee wanayemheshimu aende akawaalike.

2. Waambieni sheria wazi. Bunduki imekatazwa, na akishikwa nayo atanyang'anywa na anaweza kufikishwa kortini. Msiwafiche wala msiwatishe.

3. Tafuteni chombo kingine kabla hawajaweka hiki chini. Mkopo mdogo wa mishipi, au mafundi wa malema wawafundishe kusuka. Tumbo halingoji semina.

4. Wapeni kazi ya ujuzi wao: kuhesabu samaki, kutazama hali ya mwamba, kuongoza wageni. Mmoja wao awe katika kamati, na apige kura.

5. Ile kanuni ya mmoja chini, mmoja juu, iandikwe iwe ya kila mzamiaji kijijini, hata wa kazi mpya.

MASWALI YA KUJADILI

- Kijijini kwetu, vijana gani wana umoja lakini hatuuiti kikundi?
- Tukiwaondolea chombo chao, tutawapa nini wiki hiyo hiyo?
- Nani kati yetu anaweza kwenda barazani kwao, akaketi, akasikiliza kwanza?

Someni makala hii kikundini kwa sauti, tena wale vijana wakiwepo. Wakikataa jambo, andikeni walichokataa na sababu zao. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yataanzia.