Jirani, Mpaka na Enzi

Wasikilizaji wetu wa Tanga, Pangani na Mkinga, nanyi wanafunzi mtakaosoma maneno haya shuleni, leo twapenda kueleza swali lililowagawa Waingereza kwa miaka mingi. Nalo ni hili: Je, nchi yaweza kuungana na jirani zake, kisha ikabaki na enzi yake? Kwa neno hili “enzi” twakusudia haki ya nchi kujitungia sheria, kutoza ushuru wake, na kuamua ni nani aingie na ni nani asiingie. Msidhani kuwa ni jambo la Ulaya peke yake, maana watu wa pwani hii wamelijua tangu zamani.

Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi, yaani Wajerumani, walipatana kuigawa nchi. Mstari wao ulianza kwenye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaenda hata ziwa Jipe, kisha ukauzunguka mlima Kilimanjaro. Wadigo na Wasegeju wakajikuta wengine huku na wengine kule, wala hawakuulizwa. Ukanda wa pwani, maili 10 kwenda bara, ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Unguja. Upande wetu Wadachi waliununua mwaka 1890 kwa marki milioni 4. Upande wa Mombasa ukabaki katika jina la Sultani hata mwaka 1963. Basi enzi ya watu wa Tanga iliwahi kuuzwa kama shamba la minazi. Si ajabu kwamba wajukuu wao, wakisikia neno la muungano, huuliza kwanza habari za ardhi.

Baada ya vita kuu ya kwanza Mwingereza alizitawala Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, akaanza kuzifunga kamba moja. Shilingi ikawa moja tangu 1921, na ushuru wa forodha ukaunganishwa mwaka 1927. Ndipo lilipozuka shauri la kuzifanya nchi hizi tatu kuwa chini ya utawala mmoja. Mwaka 1931 Bunge la Uingereza liliita mashahidi London, na mmoja wa Waafrika waliotumwa kutoka Tanganyika alikuwa Martin Kayamba, Mbondei, karani aliyejulikana sana Tanga. Yeye na wenziwe hawakuupenda muungano huo, kwa kuwa waliona walowezi wa Kenya wangekuwa na sauti kubwa kupita wenyeji. Kamati ile ikatoa hukumu kwamba wakati haujafika.

Twaona hapa jambo la kuchekesha kidogo. Mwaka 1948 Mwingereza alizidi kuziunganisha nchi zetu kwa kuunda Halmashauri Kuu yenye makao Nairobi, na reli na bandari za nchi tatu zikawa chini ya shirika moja. Lakini mwaka 1950, Wafaransa walipomwalika aingie pamoja nao na Wadachi katika shirika la makaa ya mawe na chuma, alikataa, maana hakutaka mamlaka juu ya migodi yake yatoke London. Dawa aliyowanywesha wengine yeye mwenyewe hakuitaka.

Baadaye aligeuka, akabisha hodi mara mbili, na mara mbili, mwaka 1963 na 1967, Rais de Gaulle wa Ufaransa akamfungia mlango. Akaingia tarehe 1 Januari 1973. Mwaka 1975 raia walipigiwa kura, na theluthi mbili wakakubali kubaki. Hata hivyo wengi walinung’unika kwamba sheria za Ulaya zapita sheria za Bunge lao, na kwamba wageni kutoka nchi za umoja huja kufanya kazi bila kuzuiwa. Tarehe 23 Juni 2016 wakapiga kura tena: asilimia 51.9 wakasema watoke, 48.1 wakasema wabaki. Wakatoka tarehe 31 Januari 2020. Katika mambo hayo lilitokea tatizo la Ireland, kwani mpaka wapita kati ya vijiji vyake kama ule wetu wa Umba, na hakuna aliyetaka kuona vizuizi vya forodha pale.

Watu wa Tanga hawahitaji kusimuliwa vizuizi vya forodha. Tarehe 5 Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza Nairobi kwamba wataunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha, halikuundwa. Jumuiya ya 1967 ilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hata mwaka 1983. Kwa miaka hiyo yote njia ya halali ya kwenda kumzika ndugu upande wa pili ilikuwa imezibwa.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Shabaha yake ya mwisho ni shirikisho la kisiasa. Lakini serikali zilipouliza raia, mwaka 2006 na 2007, kama safari hiyo iharakishwe, Watanzania wengi mno walikataa, na hofu yao kubwa ilikuwa ardhi. Hawakuukataa ujirani, waliikataa haraka. Nasi twaona hofu hiyo ilisikilizwa, kwani mapatano ya soko la pamoja ya 2010 yameacha mambo ya ardhi chini ya sheria za kila nchi. Tena maamuzi ya wakuu wa nchi sharti yapate ukubali wa wote, ambapo katika Ulaya nchi moja yaweza kushindwa kwa kura katika mambo mengi.

Kwa hiyo machungwa ya Muheza yavuka Horohoro kwenda Mombasa, lakini ardhi ya mchungwa haivuki. Jambo la fedha ndilo limebaki nyuma. Mwaka 2013 wakuu walipatana kupata fedha moja katika miaka 10. Miaka hiyo imepita, na mfanyabiashara wa Tanga aendaye Lunga Lunga bado hubadili shilingi kwa shilingi, jambo ambalo babu yake, kabla ya 1966, hakulijua.