Je, Wajua? Askari Wetu Waliotangulia na Majina Yanayongoja Kutajwa

Kila Julai 25 Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Gwaride husimama, buruji hulia, viongozi wakainamisha vichwa. Ni heshima inayostahili. Lakini kila askari aliyekufa alitoka kijiji fulani na ukoo fulani, na huko kwao ndiko anakopaswa kujulikana kwanza. Yasome haya, kisha ujiulize: mtaani kwako walitoka nani?

Sanamu na soko

Je, wajua kwamba mahali iliposimama Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, palikuwa na sanamu ya Mjerumani? Alikuwa Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana. Waingereza waliiondoa baada ya kuiteka nchi, na mwaka 1927 wakasimamisha askari wa shaba aliyechongwa na James Alexander Stevenson. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini.

Je, wajua kwamba Nairobi na Mombasa nazo zina minara ya aina hiyohiyo, ya miaka hiyohiyo? Katika mnara wa Nairobi, mmoja wa watu watatu wa shaba ni mpagazi, yule aliyebeba risasi na chakula cha jeshi kichwani.

Je, wajua kwamba minara hiyo inawasifu askari na wapagazi kwa maelfu bila kuwataja? Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa Uingereza ambaye mwanawe wa pekee wa kiume aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915. Katika mnara wa Dar es Salaam yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu.

Je, wajua kwamba kila unapotaja Kariakoo unawataja wapagazi hao? Jina hilo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuingia mjini mwaka 1916. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Maelfu ya watu hununua nguo na nyanya Kariakoo kila siku, na jina la mahali hapo ni kumbukumbu ya vita.

Wapagazi: jeshi lisilo na makaburi

Je, wajua kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya upande wa Uingereza yalitumia wapagazi wapatao milioni moja Afrika Mashariki? Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara zilikuwa chache, na reli haikufika kila penye mapigano. Ikabaki shingo ya mwanadamu.

Je, wajua kwamba wapagazi waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi? Kuhara damu, malaria, kichomi na njaa viliwamaliza. Mara nyingi walipewa unga wa mahindi bila muda wala vyombo vya kuupika ukaiva, na watu wengi waliotoka nchi zenye vyakula vingine matumbo yao hayakuustahimili. Makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000.

Je, wajua kwamba mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwahi kufika kwa jamaa zao? Oscar Watkins, ofisa Mwingereza aliyesimamia kikosi cha wapagazi, alidai fedha hizo ziwanufaishe Waafrika. Serikali ya Uingereza ilikataa.

Je, wajua kwamba tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliyoanzishwa mwaka 1917 ilijiwekea sharti kwamba kila aliyekufa aandikwe jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye mnara, bila kujali cheo, rangi wala dini? Huko Ulaya sharti hilo lilitekelezwa kwa bidii kubwa. Huku kwetu maofisa waliamua kwamba kwa Waafrika sanamu zinatosha. Makaburi mengi ya wapagazi yaliachwa yamezwe na msitu.

Je, wajua kwamba tume hiyo, ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilikiri jambo hili katika ripoti ya Aprili 2021? Ripoti ilisema watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100 tangu vita vile viishe.

Je, wajua kwamba kisiwani Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, wamezikwa mabaharia wa Uingereza wa meli HMS Pegasus, iliyozamishwa na meli ya Kijerumani Königsberg Septemba 20, 1914? Kaburi lao linajulikana hadi leo na hutembelewa. Mpagazi aliyekufa bara katika vita hivyohivyo angestahili jiwe kama lao.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam War Cemetery, makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo, yalitengwa mwaka 1968? Makaburi 660 ya Vita vya Kwanza yalihamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha barabara mpya. Mji ulipanuka, na wafu wakahamishwa kwa heshima. Inawezekana, basi, pakiwa na nia.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa mwaka 2025 watafiti walitangaza kuwa kumbukumbu zilizohifadhiwa na jeshi la Kenya zimewapa majina ya zaidi ya askari 3,000 wa Afrika Mashariki ambao hawakuwa wamekumbukwa popote? Mwezi Januari mwaka huohuo, mjini Cape Town, ulizinduliwa mnara wa vigingi vya mbao wenye majina 1,772 ya watumishi wa kijeshi wa Afrika Kusini waliokufa katika Vita vya Kwanza bila makaburi yanayojulikana. Wapo kati yao waliofia huku kwetu.

Burma, Madagaska na baharini

Je, wajua kwamba watu takriban 87,000 kutoka Tanganyika walitumikia jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia? Walipigana Uhabeshi dhidi ya Waitalia, wakavuka kwenda Madagaska mwaka 1942, kisha wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika, kwenye matope na malaria.

Je, wajua kwamba mkasa mkubwa kuliko yote baharini kwa askari wa Afrika Mashariki ulitokea Februari 12, 1944? Meli Khedive Ismail ilikuwa imeondoka Mombasa siku chache kabla, ikielekea Colombo. Karibu na visiwa vya Maldives nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa, wakiwemo wauguzi wanawake na askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hawana kaburi ila bahari. Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, upo mnara wa waliokosa makaburi, na askari wa kikosi hicho cha mizinga waliozama na meli hiyo wamo.

Je, wajua kwamba mnara wa Taukkyan, nje ya Yangon nchini Myanmar, una majina karibu 27,000 ya askari wasio na makaburi yanayojulikana, wakiwemo Waafrika? Pengine babu ambaye ukoo wako unamtaja kila mnapokutana ameandikwa huko, na hakuna wa kwenu aliyewahi kusoma jina lake pale.

Je, wajua kwamba vita vilipokwisha askari weusi walilipwa kiinua mgongo cha takriban theluthi moja ya walicholipwa wazungu wa cheo kilekile? Nyaraka za Uingereza zilizotangazwa hadharani mwaka 2019 zilithibitisha walichokuwa wakikisema wazee wetu siku zote.

Je, wajua kwamba Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, pamoja na baba yake, wakati wa Vita vya Kwanza? Baadaye alihamia Berlin, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni na kuigiza filamu. Utawala wa Hitler ulimtia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 24, 1944. Tangu mwaka 2007 kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kimelazwa mbele ya nyumba aliyoishi Berlin.

Kagera, Mtwara, Darfur na Kongo

Je, wajua kwamba Kaboya, wilayani Muleba mkoani Kagera, ndipo walipolala askari wetu waliokufa katika vita dhidi ya Idi Amin? Amin alivamia Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita Novemba, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Waliopigana walikuwa wanajeshi wa JWTZ pamoja na mgambo, polisi na askari magereza waliotoka mikoa yote.

Je, wajua kwamba Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, alikuwa ameingia jeshini mwaka 1942 chini ya Waingereza na kufika Madagaska? Akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988, na akafariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Kwao ni Butiama, na huko ndiko alikozikwa.

Je, wajua kwamba Naliendele, mkoani Mtwara, yapo makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji? Tanzania ilikuwa ngome ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakati wa ukombozi, na katika miaka ya 1980 jeshi letu lilikwenda huko kuisaidia nchi hiyo dhidi ya waasi wa RENAMO.

Je, wajua kwamba walinda amani saba wa Tanzania waliuawa kwa kuviziwa Darfur, Sudan, Julai 13, 2013? Na Desemba 7, 2017, kambi ya Watanzania ya Semuliki karibu na Beni, Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, ilishambuliwa usiku. 14 waliuawa, na idadi ikaongezeka baadaye. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Umoja wa Mataifa huwakumbuka wote wa aina yao kila Mei 29.

Namna tunavyokumbuka

Je, wajua kwamba Siku ya Mashujaa kila silaha ya asili ina mwekaji wake mnarani? Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mzee wa chama cha askari wa zamani huweka shoka.



Je, wajua kwamba Songea huwa na siku yake? Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga huko viongozi na wapiganaji wa Vita vya Majimaji, na kila mwaka tarehe hiyo mji hukusanyika penye makaburi yao, ilipo Makumbusho ya Majimaji. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa vita hivyo, na kuomba msamaha. Kama watu wa Songea wangekuwa wamesahau, nani angeombwa msamaha?

Je, wajua kwamba Lugalo, kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam, ina jina la mahali huko Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski Agosti 17, 1891?

Je, wajua kwamba washairi nao walitunza kumbukumbu? Shaaban Robert alitunga utenzi mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945, na Henry Muhanika akachapisha utenzi wa Vita vya Kagera mwaka 1981.

Kazi iliyobaki ni yetu

Mnara wa taifa hauwezi kumtaja kila mtu. Kijiji kinaweza. Kata inaweza. Msikiti, kanisa na shule vinaweza. Aliyekwenda Kagera akiwa na miaka 20 leo amepita 65, na aliyekwenda Burma karibu hayupo tena. Wajane na watoto wao bado wapo, na ndani ya masanduku yao zimo picha, medali, vitambulisho na barua. Vitu hivyo vikitupwa au kuliwa na mchwa, kumbukumbu imekwisha.

Basi fanya hivi. Mwulize mzee wa ukoo wenu nani alikwenda jeshini na nani hakurudi. Andika jina lake kamili, namba yake ya jeshi, cheo, kikosi, vita alivyopigana, na mahali alipozikwa. Piga picha medali na karatasi zake, na umrudishie mwenyewe. Peleka nakala shuleni, ofisi ya kata na kwenye makumbusho iliyo karibu nawe. Katika mkutano wa kijiji omba orodha isomwe kwa sauti, kila Julai 25, jina baada ya jina, mbele ya watoto. Anza na ukoo wako, na uanze kabla mzee huyo hajaondoka na majina anayoyajua peke yake.